Bodi Iliyosingiziwa Kifo

Mtaa mzima ulimwita Miwani, kwa sababu alivaa jozi mbili kwa wakati mmoja: moja machoni ya kuonea watu, nyingine juu ya paji la uso ya kuonea pini. Akitaka kukusikiliza huteremsha hii na kupandisha ile, na siku akichanganya, akakutazama kwa ile ya pini, basi unajua anakuona mkubwa kuliko ulivyo, mpaka vinyweleo vya pua. Alikuwa mtu wa utani na mtu wa kazi. Alikuwa pia mtu wa kujiona kidogo, lakini kujiona kwake hakukuwa kumemuumiza mtu hadi siku ile ya bodi mbili.

Karakana yake ilikuwa chumba kilichoachwa na mshonaji, na meza ndefu ya kukatia vitambaa ilibaki humo kwa kuwa haikupita mlangoni. Juu ya meza hiyo Miwani alianza na redio, akapanda kwenye televisheni, kisha kompyuta zilipokuja akazifungua tu, moja baada ya nyingine, mpaka zikamzoea. Hakusomea. Alisikiliza. Huinamisha sikio kwenye chombo kama mtu anayeambiwa siri, halafu huinuka na kusema, "Feni inalia," au, "Diski ina kikohozi." Mara nyingi alikuwa sahihi, na ule usahihi wa mara nyingi ndio uliomharibu.

Mteja wa siku hiyo alikuwa mchora ramani za nyumba, mwanamke mpole anayechomeka penseli kwenye nywele na kusahau kuitoa. Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Akizungusha tu picha ya ukuta, inaganda. Kaka yake aliyekuwa mbali alimtumia prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi kilichotoka juzi, ikiwa bado kwenye kiboksi chake. Kilichobaki ni kuipatia bodi ya kukalia.

"Niachie mimi, dada," Miwani alimwambia. "Nitakutafutia bodi ambayo hata wewe mwenyewe ukizeeka, yenyewe bado."

Bodi alizinunua kwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mke wake, aliyekuwa na duka la vipuri kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa la maduka, kati ya muuza vifuniko vya simu na mshona viatu. Duka lilikuwa jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Shemeji mtu alikaa ndani kabisa nyuma ya kioo, na ulimi wake ulitangulia mbele kupokea wageni.

"Shemeji! Leo umekuja kununua au umekuja kunipangusia vumbi la rafu?"

"Nimekuja kukupa heshima ya kunihudumia."

"Heshima haijazi sufuria. Sema unachotaka."

Wakati huo huo sauti ya mzee ilisikika kutoka ukumbini, "Taratibu jamani, taratibu, nimebeba vya watu," na watu wakajibanza ukutani kumpisha. Ndivyo alivyopita kila siku, na ndivyo alivyopata jina: Taratibu. Alibeba maboksi ya shemeji kutoka kwa muuza jumla, mwisho wa barabara, mpaka dukani, na kutoka dukani mpaka kwa mafundi. Wenzake walisukuma mikokoteni. Yeye mizigo ya kompyuta hakuitia kwenye mkokoteni hata siku moja, kwa kuwa mkokoteni unatikisa. Aliipakata kifuani, mikono yote miwili, kidevu juu ya boksi, akitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji.

Shemeji alitoa bodi mbili, akaziweka juu ya kioo. Zilifanana umbo, na soketi, yaani kile kitanda ambacho prosesa hulalia, ilikuwa ya aina moja. Tofauti ilikuwa kwenye chipseti, ile chipu iliyokaa pembeni chini ya kipande cha bati, ambayo ndiyo inayopanga nani apite wapi: diski, kadi, na matundu yote ya nyuma.

"Hii," alisema akigonga ya kwanza kwa ukucha, "ina chipseti ya wakubwa. Matundu tele, bati nene. Ila ni ya zamani kidogo, ilikaa sana stoo. Na hii hapa chipseti yake ni ya watu wa kati, lakini imetoka pamoja na hizi prosesa mpya."

Miwani akazipima kwa mikono. Ya kwanza ilikuwa nzito, nzito ya kuridhisha. Ya pili ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki.

"Nipe ya wakubwa."

"Prosesa yenyewe ni ya kizazi gani, shemeji?"

"Soketi ni ile ile."

"Sikuuliza soketi. Nimeuliza kizazi."

"Wewe mtoto," Miwani alicheka, akiwageukia wateja wengine ili wacheke naye, "mimi nafungua vyombo vya watu wewe bado unalilia kubebwa mgongoni. Unanifundisha kazi?"

Wakacheka. Shemeji akainua mikono. "Haya. Mkubwa ameshasema." Akafunga boksi na kumpa Taratibu alipeleke karakana, kwa kuwa Miwani alikuwa na nyaya za kununua mahali pengine.

Mchora ramani alifika karakana mapema, akakaa kwenye kigoda kuona kompyuta yake ikizaliwa. Miwani alipenda kutazamwa. Aliitandika bodi juu ya boksi lake, wazi bila kasha, kama afanyavyo siku zote kabla ya kufunga chochote. Akalaza prosesa, akapaka grisi ya kupozea, akapachika memori na feni, huku akieleza kila hatua kwa sauti ya mtangazaji. Halafu akachukua bisibisi, akagusisha pini mbili ndogo kwa ncha yake, ndiyo namna mafundi wanavyowasha bodi isiyo na kitufe.

Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

"Inajifikiria," alisema.

Ikajifikiria sana. Akabadili memori. Akabadili waya. Akabadili skrini. Jasho lilianza kumtoka, na utangazaji ukakoma.

"Labda haziendani?" mchora ramani aliuliza kwa upole.

"Dada, soketi ikikubali, kila kitu kimekubali. Hii bodi ni mfu. Nimeuziwa maiti."

Alipolisema neno hilo akahisi nafuu, kwa sababu sasa aibu ilikuwa na pa kwenda. Akakusanya kila kitu, akatoka, mteja wake nyuma yake, na kadiri alivyokaribia ghorofa la maduka ndivyo hasira ilivyomkolea, mpaka alipofika kwenye duka lile jembamba, lililojaa watu, hakungoja hata wampishe.

"Umeniuzia maiti ndani ya boksi jipya!"

"Shemeji, teremsha sauti."

"Sauti ni yangu, sikuinunua hapa. Acha wasikie na wao, wajue wanaponunua!"

Shemeji aliichukua bodi, akaiweka kwenye meza yake ya kujaribia pamoja na prosesa ile ile, akaiwasha. Nyeusi. Akahamishia prosesa kwenye ile bodi nyepesi ya chipseti ya watu wa kati. Skrini ikawaka papo hapo, buluu, nzuri, kila mtu akaiona. Hapakuwa na la kubishania. Uso ulimshuka shemeji, msichana wa watu. Kijana mmoja aliyekuwa ameshika kibodi mkononi akairudisha kwenye rafu, akatoka bila kuaga. Mwingine akamfuata.

"Chukua hiyo," shemeji alisema. "Samahani, dada. Samahani, shemeji."

Jioni mke wa Miwani alikuwa ameshapata habari. Habari za dukani zilifika nyumbani kabla ya Miwani kuvua viatu.

"Umemkaripia mdogo wangu mbele za watu?"

"Nilisema ukweli."

"Ukweli nao una sauti yake, baba watoto. Ile uliyotumia ilikuwa ya nini?"

Miwani aliuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Baada ya siku kadhaa shemeji alituma ile bodi mfu karakana, kama mkono wa amani. Ung'oe vipuri, alisema kwenye simu, na yaishe. Miwani akasema yaishe. Akaona amekuwa muungwana. Bodi hakuing'oa vipuri, aliipa kazi. Ilikuwa haifai kwa lolote ila feni yake ilizunguka ikipata umeme, basi akaitumia kupimia pawasaplai za wateja, vile visanduku vya kuipa kompyuta umeme: feni ikizunguka, pawasaplai nzima; isipozunguka, mbovu. Aliyeuliza kuhusu bodi ile alihadithiwa kisa chote, na kila akikihadithia, sauti ya shemeji iliyoomba samahani ilizidi kuwa nyembamba, ya kwake ikazidi kuwa nene.

Huenda angeendelea kuhadithia mpaka leo. Lakini msimu wa mvua ulipopita, alasiri moja iliyotulia, karani wa shule alimletea kompyuta yenye vumbi la chaki. Prosesa yake ilikuwa ya zamani, ya soketi ile ile. Miwani alipoitoa hakutaka pini zake zikunjike zikitupwatupwa mezani, basi akailaza kwa muda kwenye ile bodi mfu, na memori pia akaichomeka humo humo, ili vitu vya mteja vikae pamoja. Alikuwa ameshasahau kama amevihifadhi humo alipochukua pawasaplai ya mtu mwingine kuipima kama kawaida yake. Akaunganisha. Akagusisha pini mbili.

*Pii.*

Mara moja, fupi. Kila fundi anaijua sauti hiyo. Ni sauti ya bodi inayosema niko salama, endelea.

Miwani alizima haraka kama aliyeungua. Alikaa. Halafu akafunga feni vizuri juu ya prosesa, akaunganisha skrini, na mkono ukiwa mzito akagusisha tena. Pii. Skrini ikawaka. Kwenye kona ya chini kulikuwa na maandishi madogo ya bayosi, ile programu ambayo bodi hutoka nayo kiwandani. Akateremsha miwani ya pini na kusoma tarehe. Ilikuwa ya zamani. Ilikuwa ya zamani kuliko prosesa ya mchora ramani.

Hapo akaelewa kila kitu, na hakutaka kukielewa. Bodi haikufa hata dakika moja. Ilikuwa kama mlinzi wa getini aliyepewa majina ya wafanyakazi kabla mwenzao mpya hajaajiriwa. Mgeni anafika, mlango unamtosha, lakini mlinzi hamjui, basi anakaa kimya na hafungui. Ilitakiwa kwanza iwashwe kwa prosesa ya zamani, ipewe bayosi mpya, ndipo ile mpya ingepokelewa. Au angechukua tu ile nyepesi, kama alivyoambiwa. Ndiyo maana aliulizwa kizazi. Aliulizwa mara mbili.

Mlango ukalia. Karani wa shule alikuwa amesahau funguo. Miwani akashtuka, akavuta kitambaa cha kupangusia na kuifunika bodi, haraka, kama mtu aliyefumwa akioga.

"Inaendeleaje, fundi?"

"Inaendelea," alisema, bila kumtazama.

Alipobaki peke yake aliwaza mambo ambayo mtu huwaza. Nani anajua? Hakuna. Angeweza kuitia bodi bayosi mpya, akaiuza, na maiti ingezikwa na siri yake. Yalishaisha, wenyewe walishasema yaishe. Lakini nyumbani mke wake alipomuuliza mbona umenyamaza, alijikuta hawezi kumtazama usoni, na usiku kucha alisikia ile pii.

Akakata shauri atakwenda kumwambia shemeji, ila kwa mzaha. Mzaha ungepunguza ukali. Alichagua asubuhi, duka likiwa halina mtu, na hilo nalo alilichagua kwa makusudi, ingawa njiani alijiambia ni kwa sababu asubuhi hakuna foleni.

Shemeji alikuwa anafagia.

"Shemeji, unajua ile maiti yetu? Imefufuka!"

Shemeji alicheka, kwa sababu uso wa Miwani ulikuwa umejiandaa kuchekwa. "Imefufukaje?"

Akamweleza. Alianza kwa utani, lakini utani ulimwishia alipofika kwenye tarehe ya bayosi, na sehemu iliyobaki aliisema akitazama sakafu iliyofagiliwa nusu. Ufagio ulikuwa umesimama.

"Kwa hiyo haikuwa imeangushwa," shemeji alisema polepole.

"Iangushwe na nani?"

Shemeji aliegemeza ufagio ukutani, ukateleza ukaanguka, na hakuuokota.

"Nilimwondoa Taratibu."

Miwani hakuwa amegundua. Hilo ndilo lililomchoma kwanza: miezi yote ile maboksi yake yaliletwa na kijana wa mkokoteni, na hakuwahi kuuliza yule mzee yuko wapi.

"Boksi lilikuwa jipya," shemeji aliendelea. "Bodi mfu. Wateja wamenikimbia, wewe umenifokea, na mimi, swali langu la kizazi likiwa limenitoka kichwani kwa fedheha, natafuta kosa limeingilia wapi. Nikamwita. Nikamuuliza, mzee, uliangusha? Akafikiri sana. Unajua akasemaje? Akasema, labda, mama. Pale kwenye mlango wa chuma niligonga kiwiko, labda na boksi liligonga, sikumbuki." Alitazama ule ufagio sakafuni. "Akavua kofia akaniomba msamaha. Na mimi nikampa, shemeji. Nikamsamehe, kama mwenye haki. Halafu nikamwambia asije tena."

Mshona viatu wa jirani alianza kugonga msumari, akaacha, kana kwamba naye alikuwa anasikiliza.

"Basi nitakwenda na wewe," Miwani alisema.

"Hapana. Mimi nitakwenda, na langu ninalo la kusema. Lakini lako ndilo lililozaa langu, na mzazi hutangulia. Nenda kwanza." Kisha akasema, akiwa amegeukia rafu, "Na shemeji, ulinifokea duka likiwa limejaa. Leo umekuja hakuna mtu. Nimeona."

Miwani alitoka na maneno hayo yakimwasha shingoni.

Miwani alimkuta Taratibu kwenye yadi ya mbao, nyuma, penye kivuli cha bati. Alikuwa amekaa kwenye gogo, akinyoosha misumari iliyopinda iliyong'olewa kwenye mbao kuukuu. Anaweka msumari juu ya jiwe, anaugonga, anaugeuza, anaugonga, anautupa koponi. Alionekana mdogo akiwa amekaa. Miwani alikuwa hajawahi kumwona amekaa.

"Fundi!" mzee alifurahi. "Umekuja kununua mbao au umepotea?"

"Nimekufuata wewe, mzee."

"Mimi? Kama una mzigo, samahani. Vile vitu vyenu sibebi tena. Nimezeeka, mikono imeanza kudanganya. Misumari ndiyo saizi yangu. Ukiuangusha msumari, hakuna atakayekuja kukulalamikia." Akacheka, na alicheka vizuri, kama mtu aliyekwishaurudia mzaha huo mara nyingi mpaka ukalainika.

Miwani alichuchumaa. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalikuwa yameanza na bayosi. Sasa aliyaona yalivyo: kila moja lilikuwa la kujifichia.

"Mzee, ile bodi ilikuwa nzima."

"Ipi?"

"Ile. Hukuiangusha. Haikuwa imekufa hata kidogo. Iko mezani kwangu, inawaka."

Nyundo ya Taratibu ilibaki hewani. Aliishusha taratibu mno, akailaza pembeni ya jiwe.

"Lakini niligonga kiwiko."

"Uligonga kiwiko chako. Boksi halikugonga kitu."

"Nilisikia kama kitu kimelia ndani."

"Hakikulia kitu, mzee. Ulisikia baadaye, ulipoulizwa."

Mzee alitazama mikono yake, akaigeuza, kiganja na mgongo wa mkono, kama anayekagua kitu kilichorudishwa na mtu aliyekiazima.

"Sasa ilikataa kwa nini?"

"Ilikuwa haiijui ile prosesa. Prosesa ilikuwa mpya, bodi ya zamani."

"Kwa hiyo bodi haikuwa na kosa."

"Haikuwa."

"Na hiyo nyingine, prosesa, nayo?"

"Nayo haikuwa."

"Na mama wa dukani aliuza kitu kizima."

"Kizima. Na aliniuliza swali ambalo lingeokoa kila kitu, nikamcheka."

Taratibu alingoja. Alimtazama tu, bila ukali wowote, na afadhali angekuwa na ukali.

"Ni mimi," Miwani alisema. "Kosa lilikuwa langu peke yangu. Niliona aibu mbele ya mteja, nikaitupa kwa shemeji, na kwa shemeji ikaja kwako. Nisamehe, mzee wangu."

Upande wa pili wa yadi msumeno uliwashwa, ukala ubao, ukazimwa. Taratibu aliokota msumari mmoja uliopinda, akauzungusha kati ya vidole.

"Mimi nilimwomba msamaha yule mama," alisema. "Nilivua kofia."

"Najua."

"Kumbe sikuwa na haja ya kuivua."

Miwani alijisikia uso ukimwaka mpaka nyuma ya masikio, na akaona ni haki yake uwake.

Baadaye mzee aliinuka, akajikung'uta vumbi la mbao. "Twende nyumbani kwangu."

"Kufanya nini?"

"Ukamwambie mkwe wangu hayo uliyoniambia. Hivyo hivyo. Usipunguze."

"Shemeji naye atakuja, na atataka urudi kazini, mzee. Mimi mwenyewe nitamwambia kila mtu pale ukumbini..."

"Hayo tutayaona. Kwanza mkwe wangu."

Hakueleza zaidi, na Miwani hakuthubutu kuuliza. Wakafuatana. Njia nzima Miwani alijaribu kutembea mwendo wa mzee na kila mara akajikuta amemtangulia, akawa anasimama kumngoja, kisha anaona haya kwa kusimama.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo wa sakafu ya saruji. Mkwe, yaani mke wa mtoto wa Taratibu, alikuwa anaanika nguo. Kwenye mkeka, pembeni ya beseni, kitoto cha miezi michache kilikuwa kimelala chali kikipiga mateke hewa.

"Karibuni. Baba, mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi. Huyu ni fundi. Ana neno."

Kabla neno halijaanza, mtoto akalia. Taratibu alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Miwani aliona mikono ya mzee ikiinuka kuelekea mkekani, halafu ikasimama katikati, ikarudi, ikashikana nyuma ya mgongo. Mkwe aliacha nguo inachuruzika maji, akapita mbele ya mzee, akamnyakua mtoto, na kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya kila siku, akasema, "Acha tu, baba, namchukua mimi."

Ndipo Miwani akaelewa kwa nini ameletwa. Alikuwa amedhani amemnyang'anya mzee kazi tu.

Alisimulia akiwa amesimama kwenye maji yaliyodondoka kutoka kwenye nguo. Hakupunguza. Alisema jinsi alivyoulizwa na alivyocheka, alivyofoka, alivyokuwa akikihadithia kisa hicho kama kichekesho. Alisema tena na tena kwamba mzee hakuangusha kitu, mpaka akaona amelisema kupita kiasi, akanyamaza.

Mkwe alikuwa amempakata mtoto begani. Alimtazama Miwani, kisha akamtazama baba mkwe wake, na macho yakaanza kumjaa machozi.

"Baba, mbona hukutuambia kwamba huna uhakika? Ulituambia umeangusha."

"Nilidhani nimeangusha."

"Na mimi nikawa..." Hakumaliza. Alimtoa mtoto begani, akamnyoosha kwa mikono miwili kuelekea kwa mzee. "Mchukue basi. Mchukue, baba. Mjukuu wako."

Taratibu hakumchukua. Aliangaza ua, akasogea mpaka ukutani, akaegemeza mgongo na kuanza kushuka, goti moja, goti la pili, mpaka akakaa chini kabisa kwenye sakafu. Akakunja miguu. Akatandaza kitambaa chake mapajani. Yeye aliyekuwa akikata umati wa ukumbini wima, kidevu juu ya maboksi ya watu, alitaka kwanza awe chini, ili kama kuna kitu kitamponyoka, kisiwe na mbali pa kuangukia.

"Sasa," alisema, "nipe."

Mkwe akainama, akampa. Mikono yake haikuondoka mara moja. Ilibaki chini ya ile ya mzee kwa kitambo, imezoea, halafu ikajitoa kidole kwa kidole. Mtoto akanyamaza. Mzee alikuwa amekaza mabega, macho kwenye mikono yake.

Hakuna aliyemwambia Miwani akae, na hakuna aliyemwambia aende. Alibaki amesimama pale uani, nguo zikimdondoshea maji begani, na hakusogea.